Sumaku ya pete ya neodimi kwenye boya: swichi inafunga mara tatu, je, sumaku ni mbovu?

Mpimakina aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninatengeneza kifaa cha kutambua maji yanapojaa katika tangi, na nimekwama mahali ambapo sikutarajia. Bomba jembamba la plastiki lenye kipenyo cha milimita 8 limesimama wima ndani ya tangi. Ndani ya bomba hilo kuna swichi ya sumaku, ile yenye vijibamba viwili vya chuma vilivyofungiwa katika kichupa cha kioo, na nje yake kuna boya lililobeba sumaku ya pete, ambalo hupanda na kushuka pamoja na maji. Nilikusudia kwamba boya likifika usawa wa swichi, vijibamba vigusane na pampu izimwe.

Pete niliyotumia ni ya neodimi, daraja la N42, yenye kipenyo cha nje cha milimita 30, tundu la milimita 10 na unene wa milimita 5, na ncha zake ziko kwenye nyuso mbili bapa. Ninapolipandisha boya polepole kwa mkono, swichi hufunga boya likiwa bado sentimita 5 chini yake, kisha hufunguka kwa kitambo kidogo, hufunga tena pete inapoizunguka swichi, hufunguka tena, halafu hufunga mara ya tatu boya likiwa limeshapita juu. Nilidhani nguvu haitoshi, nikatafuta pete ya N52 yenye vipimo vilevile, lakini hali ilizidi kuwa mbaya: swichi ilianza kufunga mapema zaidi, na vile vipindi vya kufunguka vilikuwa vifupi mno hata sikuweza kuvitumia kwa lolote.

Naomba msaada katika mambo matatu. Je, pete hizi zimesumakishwa vibaya kiwandani? Ile namba inayofuata herufi N ina maana gani hasa, ikiwa kubwa zaidi hainisaidii? Na je, kuna sumaku ya mata nyingine ambayo ingefaa zaidi kwa kazi ya ndani ya maji, ambayo mara nyingine hufikia nyuzi 70 za Selsiasi?

Mwanauga alijibu:

Ndugu Mpimakina, pete zako zote mbili ni nzima. Ulichokiona ndicho hasa ambacho pete iliyosumakishwa kwa kufuata mhimili wake inapaswa kufanya, na nafurahi kwamba ulilisogeza boya polepole, maana wengi hulipitisha kwa haraka na hawaoni kitu.

Fikiria sahani ya sumaku isiyo na tundu, yenye kipenyo cha milimita 30. Juu ya uso wake, katikati, uga, yaani nguvu ya sumaku inayoenea kuizunguka, unaelekea juu. Sasa weka katikati yake sahani ndogo ya milimita 10, yenye unene uleule na nguvu ileile, lakini iliyosumakishwa kuelekea chini. Usumaku wa sehemu hiyo unajifuta, na kilichobaki ni sawa kabisa na pete yako. Kwa hiyo, uga wa pete mahali popote ni uga wa sahani kubwa ukitoa uga wa sahani ndogo. Mbali na pete, sahani kubwa ndiyo inayotawala, na uga kwenye mhimili unaelekea juu kama ungetarajia. Ndani ya tundu na karibu na mdomo wake, sahani ndogo ndiyo yenye sauti, kwa sababu kingo zake ziko karibu zaidi na mhimili, na uga unageuka kuelekea chini. Kati ya maeneo hayo mawili lazima pawepo nukta ambapo nguvu hizo mbili zinalingana na uga kwenye mhimili unakuwa sifuri.

Nimepiga hesabu kwa vipimo ulivyotoa, nikichukua kwamba usumaku baki wa N42, yaani ule unaobaki ndani ya mata baada ya kusumakishwa, ni tesla 1.3 (tesla ni kizio cha nguvu ya uga, na militesla ni sehemu moja ya elfu yake). Katikati kabisa ya tundu, uga ni takriban tesla 0.37, nao umegeuka kinyume. Kwenye usawa wa uso wa pete, bado katikati ya tundu, umeshuka hadi tesla 0.25, ungali kinyume. Karibu milimita 4 kutoka kwenye uso unafika sifuri. Baada ya hapo unabadili mwelekeo, unapanda hadi kilele cha takriban militesla 65 kwenye umbali wa milimita 9, kisha unaanza kufifia: militesla 30 kwenye sentimita 2, na 4 hivi kwenye sentimita 5. Hali ni hiyohiyo upande wa pili wa pete.

Swichi yako haijali mwelekeo wa uga. Vijibamba vyake vinavutana iwe uga unapanda au unashuka, na militesla chache tu zinatosha kuvigusanisha. Ndiyo maana inafunga mara tatu: mara moja katika eneo la nje la chini, mara moja katika eneo la tundu ambalo uga wake umegeuka, na mara moja katika eneo la nje la juu. Vile vipindi vifupi vya kufunguka ni zile nukta mbili za sifuri. Ulipoweka N52 uliongeza uga kila mahali kwa kiasi cha asilimia 11 au 12, ukarefusha maeneo ya nje na kubana yale ya kufunguka. Nguvu zaidi haiwezi kutibu jambo hili, kwa kuwa halikusababishwa na upungufu wa nguvu.

Ningependa uone kwamba hicho unachokihesabu kuwa kasoro ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote katika kifaa chako. Mahali pa nukta ya sifuri hapategemei daraja la sumaku hata kidogo. Panategemea umbo: kipenyo cha nje, kipenyo cha tundu na unene. Sumaku ikidhoofika kwa joto au kwa umri, uga wa sahani kubwa na ule wa sahani ndogo vinapungua kwa uwiano mmoja, na nukta inabaki palepale. Isitoshe, karibu na nukta hiyo uga unabadilika kwa kasi sana, karibu militesla 37 kwa kila milimita moja.

Kwa hiyo nakushauri uiache swichi ya kioo na utumie kihisi cha Hall, yaani kijisehemu cha kielektroniki kinachotambua uga wa sumaku, cha aina inayojibu uga wa mwelekeo mmoja tu. Kiweke ndani ya bomba huku uso wake ukitazama juu au chini, yaani mhimili wa bomba ukiupiga uso huo wima. Ukikilaza ubavuni mwa bomba kitapima uga wa pembeni, ambao hubadili mwelekeo katikati ya pete, na hesabu yote itaharibika. Pete ikikaa upande sahihi, kihisi kitawaka tu kikiwa kati ya nukta mbili za sifuri, eneo lenye upana usiozidi milimita 13. Ukiona maeneo mawili badala ya moja, basi ncha zimekaa kinyume. Igeuze pete juu chini.

Tanuri alijibu:

Mwanauga amemaliza suala la uga kwa namna ambayo sina la kuongeza, kwa hiyo nitajibu swali la namba na la mata.

Sumaku hizi hazikutengenezwa kwa neodimi tupu. Kiini chake ni fuwele ambamo atomi 2 za neodimi hukaa pamoja na atomi 14 za chuma na 1 ya boroni. Kwa uzito, takriban theluthi mbili ni chuma, metali za ardhi adimu ni karibu asilimia 30, na boroni ni kama asilimia 1 tu. Chuma ndicho kinacholeta sehemu kubwa ya usumaku; neodimi inaushikilia usumaku huo katika mwelekeo mmoja wa fuwele usigeuke kirahisi. Timu mbili ziliifikia fuwele hii kila moja kwa njia yake mwanzoni mwa miaka ya 1980: ya Masato Sagawa katika kampuni ya Sumitomo huko Japani, iliyosaga aloi kuwa unga na kuuchoma, na ya John Croat katika General Motors nchini Marekani, iliyopoza aloi iliyoyeyushwa kwa kasi kubwa. Kabla ya hapo sumaku kali kuliko zote zilikuwa za samari na kobalti, na bei ya kobalti ilikuwa imeruka baada ya mapigano ya mwaka 1978 katika jimbo la Shaba nchini Zaire (Kongo ya leo), kulikochimbwa kobalti. Kwa hiyo hamu ya kupata sumaku inayotegemea chuma ilikuwa kubwa.

Namba inayofuata N ni kipimo cha nishati ya juu kabisa ambayo ujazo fulani wa mata hiyo unaweza kuimudu katika uga wa nje, kwa kizio cha megagausi-oastedi. N42 ni sawa na takriban kilojuli 330 kwa kila mita moja ya ujazo, na N52 ni zaidi ya 400. Namba hiyo inaieleza mata na si kipande ulichonacho mkononi, kwa hiyo pete nyembamba ya N52 yaweza kushindwa na pete nene ya N35 bila ubishi wowote. Usumaku baki hupanda kutoka takriban tesla 1.2 kwa N35 hadi 1.45 hivi kwa N52. Kwa kuwa nguvu ya kung'ang'ania bamba la chuma hufuata mraba wa uga, kutoka N42 hadi N52 unapata mvuto zaidi kwa karibu robo, tena ikiwa bamba ni nene, bapa, halina rangi, na unavuta kwa kunyoosha wima. Ukivuta kwa kutelezesha pembeni, sumaku huachia mapema zaidi, kwa sehemu ndogo tu ya mzigo huo. Watu wengi hununua kwa kutazama kilo zilizoandikwa, kumbe hata tabaka la rangi au pengo la nusu milimita linatosha kuzifanya kilo hizo zisiwe za kweli.

Herufi zinazokuja baada ya namba ndizo ambazo wewe ulipaswa kuzitazama kwanza, kwa sababu ya maji yako ya nyuzi 70. Daraja lisilo na herufi ya mwisho hukadiriwa kufanya kazi hadi nyuzi 80, M hadi 100, H hadi 120, SH hadi 150, na kadhalika. Lakini makadirio hayo yanachukulia umbo linalojilinda vizuri. Pete nyembamba na pana ina ncha mbili zilizo karibu sana, na uga wake wenyewe unaipinga kutoka ndani. Kwa hiyo huanza kupoteza usumaku wa kudumu kabla ya kufika kwenye kikomo kilichoandikwa. Joto linaposhuka, sehemu ya upungufu hurudi yenyewe, kwa kuwa usumaku baki hupungua kwa takriban asilimia 0.12 tu kwa kila nyuzi moja. Ukinzani wa mata dhidi ya kugeuzwa hushuka kwa kasi zaidi, takriban asilimia 0.6 kwa kila nyuzi, na kinachopotea kwa njia hiyo hakirudi mpaka sumaku isumakishwe upya. Viwanda huongeza disprosi au terbi ili kuinua ukinzani huo, na madaraja yenye metali hizo huwa ghali kwa sababu hazipatikani kwa wingi. Kwenye nyuzi 310 hivi, usumaku wote hutoweka.

Kwa hoja ya Mwanauga, hata hivyo, mimi ningeacha neodimi kabisa katika boya hili na kuchukua pete ya feraiti yenye vipimo vilevile. Usumaku baki wake ni tesla 0.4 tu, lakini kihisi cha Hall hakihitaji zaidi ya hapo. Feraiti ni oksidi ya chuma iliyochanganywa na bariamu au stronti, kwa hiyo haishiki kutu, na inavumilia joto linalozidi nyuzi 200. Pia ni nyepesi: pete yako ya neodimi ina karibu gramu 23, ya feraiti itakuwa na 15. Usidhani lakini kwamba itaiponya swichi ya kioo. Uga wa nje bado utafika militesla 20 kwenye kilele chake, na swichi itafunga mara tatu kama kawaida, ila itaanza boya likiwa sentimita 3 badala ya 5.

Mpimakina aliandika:

Nawashukuru sana nyote wawili. Nimeelewa sasa kwamba nilikuwa nikikimbiza namba isiyohusika na tatizo langu. Nina swali moja lililobaki. Pete ya feraiti niliyoipata ina tundu la milimita 9, nayo inabana kwenye bomba ikipata uchafu kidogo. Je, naweza kulipanua tundu hilo kwa keekee, au nirudi kwenye neodimi na kuitoboa hiyo? Na zile pete mbili za neodimi nilizonazo nizitumie kwa kazi gani?

Fundi Pampu alijibu:

Ndugu, usitoboe yoyote kati ya hizo. Zote mbili zina tabia ya kigae: zilianza kama unga wenye chembe za mikromita chache, zikashindiliwa, kisha zikachomwa katika tanuri la nyuzi 1,000 na zaidi hadi chembe zikashikana. Keekee itazipasua. Kwa neodimi kuna hatari mbili zaidi: unga wake hushika moto kwa urahisi, na ukishakwangua tabaka la nikeli, shaba na nikeli linaloifunika, ambalo lina unene wa mikromita 10 hadi 20 tu, maji yataingia na mata ya ndani itaumuka na kuporomoka. Nimewahi kufungua boya ambalo pete yake ilikuwa imekwaruzwa wakati wa kufungwa. Ndani nilikuta tope jeusi na kipande kisichozidi nusu ya pete. Viwandani tundu hutengenezwa wakati wa kushindilia unga, au hukatwa kwa zana za almasi zinazopozwa kwa maji kabla ya pete kufunikwa na kusumakishwa. Badilisha bomba lako liwe jembamba zaidi, ni rahisi kuliko kubadilisha sumaku. Na kumbuka kuweka kizuizi cha plastiki juu ya bomba, ili boya lisivuke eneo la kihisi maji yakizidi kupanda. Likivuka, kihisi kitazima na pampu itaanza tena kujaza tangi lililokwisha kujaa.

Kuhusu pete zako za neodimi, kwanza jua kwamba si kila pete ni ya aina moja. Yako ina ncha juu na chini, na hiyo ndiyo inayofaa kufungwa kwa skrubu na kushikilia mlango, zana au kifuniko. Ukiiweka ndani ya kikombe cha chuma laini, uga wa nyuma utaelekezwa mbele na mshiko wake kwenye bamba utaongezeka sana, ingawa uga unaofika mbali utapungua. Spika hutumia pete ya namna hiyo pia, iwe ya feraiti au ya neodimi, ikiwa imebanwa kati ya mabamba ya chuma yanayokusanya uga katika mwanya mwembamba ambamo koili hucheza. Pete iliyosumakishwa kwa kukata kipenyo, ncha moja ubavu huu na nyingine ubavu wa pili, huvishwa kwenye ekseli ili kihisi kisome pembe ya mzunguko wake. Zipo pia pete zenye ncha nyingi zinazopishana, na hizo ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa sababu ya pampu za kemikali: pete moja huzungushwa na mota nje ya ukuta, nyingine hufuata ndani pamoja na mapanga ya pampu, na hakuna ekseli inayopenya ukuta wala sili ya kuvuja. Unapoagiza pete kwa kazi yoyote, taja mwelekeo wa usumakishaji kabla ya kutaja daraja.

Neno la tahadhari, nalo nalisema kwa uzito wote. Pete mbili za ukubwa huo zikirukiana zinaweza kubana kidole hadi kitoke damu, au kupasukiana na kurusha vipande machoni. Zitenganishe kwa kutelezesha moja pembeni juu ya ukingo wa meza ya mbao, usizivute wima. Ziweke mbali na mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Kama una watoto, fungia hasa vile vipande vidogo: mtoto akimeza sumaku mbili au zaidi, hutafutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa, na hilo ni jambo la kukimbilia hospitali saa hiyohiyo bila kusubiri dalili.

Mpimakina aliandika:

Narudi kutoa taarifa. Nimebadilisha bomba kuwa la milimita 6, nikatumia pete ileile ya feraiti, na kuweka kihisi cha Hall kinachojibu mwelekeo mmoja, uso wake ukitazama juu. Mara ya kwanza niliona maeneo mawili, nikaigeuza pete kama Mwanauga alivyosema, na likabaki moja. Nimelipandisha na kulishusha boya mara ishirini katika maji baridi, kisha mara ishirini katika maji ya nyuzi 70, nikiweka alama kwenye rula kila kihisi kinapowaka. Alama za maji ya moto zimeangukia juu ya zile za maji baridi, kiasi kwamba siwezi kuzitofautisha kwa macho. Kizuizi cha plastiki nimekigundisha jana kwa epoksi, na leo tangi limejaa mara mbili na pampu ikazimika mara mbili.